Nani Analipa Nauli ya Kericho?

Watu wakiniuliza mimi na baba watoto tulikubaliana vipi baada ya kuachana, wanatarajia habari za wakili na hakimu. Mimi huwaambia habari za nauli.

Yeye yuko Nakuru, ana duka la vipuri. Mimi niko Nyamasaria hapa Kisumu, na watoto wawili, wa miaka minane na mitano, wanaishi kwangu na kusoma huku. Rasimu ya kwanza tuliyoandikiwa ilisema baba atawaona watoto "kwa nyakati zinazofaa". Zinamfaa nani? Jumamosi yeye yuko dukani, Jumapili sisi tuko kanisani hadi saa nane. Afisa wa watoto, mama mmoja wa makamo, aliisoma, akavua miwani, akauliza: "Haya, baba na mama, nauli ni ya nani?" Kimya.

Tukaanza upya. Likizo za Aprili na Agosti, nusu kwa nusu. Krismasi ni kwa zamu, 2025 kwake, 2026 kwangu, maana Krismasi huku Magharibi ni safari ya ushago, na mama yake kule Vihiga naye anataka kuwachinjia wajukuu kuku. Tunakabidhiana watoto Kericho, mji ulio njiani kati yetu, kwenye kituo cha mafuta, saa sita mchana, kila mtu na nauli ya upande wake. Alilalamika kwamba kipande chake ni kirefu kuliko changu. Nikamwambia, aliyehamia Nakuru ni nani? Yakaisha. Ndani ya begi mna sweta, dawa ya pumu ya mdogo, na daftari la kuandika alipuliza lini mara ya mwisho. Hilo daftari limetuepusha na simu nyingi za usiku.

Sheria yenyewe haina fumbo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe walioana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyo hiyo. Ni kweli mahakama zetu kwa miaka mingi zimependelea mtoto mdogo akae na mama isipokuwa kuwe na sababu nzito, lakini kukaa na mama si kufutiwa baba. Na hapa shoga zangu hununa: asipotuma pesa, huna ruhusa ya kumfungia mlango. Matunzo yana kesi yake, kuwaona watoto kuna utaratibu wake. Mpeleke Mahakama ya Watoto, lakini watoto wapande matatu.

Makubaliano yetu tuliyapeleka huko huko, yakapitishwa kuwa amri. Kabla ya hapo yalikuwa karatasi tu; sasa anayeyavunja anaweza kujibu kwa kudharau mahakama. Tangu siku hiyo hakuna aliyechelewa Kericho bila kupiga simu kwanza, nikiwemo mimi.

Sasa kifungua mimba ameanza kusema lake. Anataka Agosti yote Nakuru, kwa kuwa binamu zake wako huko na baba amenunua baiskeli (bila kuniuliza, lakini hayo ya siku nyingine). Maoni ya mtoto yanapaswa kusikilizwa kulingana na umri wake, sheria inasema hivyo. Sijafurahi hata kidogo. Tutaketi naye sote wawili kabla shule hazijafungwa.