Keke, drili isiyotaka chaji

Ukenda Nungwi, kaskazini ya Unguja, leo pale pwani wanapounda vyombo utasikia jenereta linaunguruma na drili inalia, na mie siwalaumu, maana chombo kimoja kinakula misumari mingi mno na kila msumari unataka tundu lake kwanza, ukiupiga hivi hivi kwenye mvule au mtondoo ubao unapasuka, na mbao siku hizi bei yake usiulize. Zamani matundu yote hayo yakitobolewa kwa keke. Vijana ukiwauliza tezo wanaijua, randa, patasi, msumeno wote wanajua, ukitaja keke wanakutizama tu. Mmoja alidhani nasema kekee, zile bangili za fedha za mabibi zetu, haya bwana.

Keke imekaa hivi. Kuna chuma, ncha yake imefuliwa bapa halafu ikachongoka, kimechomekwa kwenye kijiti cha duara ndo msukano. Juu kuna jivu, pa kushika, jivu lenyewe halizunguki, msukano ndo unaozunguka ndani yake. Tena kuna uta, kamba yake unaipitisha mzunguko mmoja kwenye msukano. Mkono wa kushoto unakandamiza jivu, wa kulia unasukuma na kuvuta uta kama mtu anaekata msumeno, basi chuma kinazunguka kikenda na kikirudi, kikenda na kikirudi.

Na hapo kwenye kurudi ndo penye akili yenyewe. Biti ya dukani, kile chuma cha kutobolea cha drili, imesokotwa ikate upande mmoja, ukiizungusha kinyume inakoroga vumbi tu haili kitu. Chuma cha keke kina makali pande zote mbili kwa hiyo kinakula kikenda na kinakula kikirudi. Ndo maana ukiichukua biti ya drili ukaitia kwenye keke utachoka bure, nusu ya nguvu zako zote zinapotea. Halafu keke inakwenda polepole, fundi anasikia mkononi ubao ulipo mgumu na ulipo laini, anajua lini anakaribia kutokea upande wa pili akapunguza. Drili ishatokea zamani kabla hujaachia swichi.

Tundu lenyewe lazima liwe jembamba kuliko msumari, likiwa pana msumari unacheza na maji yanaingia, na hata hivyo msumari unavishwa pamba iliyotiwa mafuta kwanza ndo unapigwa. Kalfati, yaani kuziba nafasi za baina ya mbao, ni kazi nyengine hiyo siingii.

Ila misumari ndo imekuja baadae. Mitepe, vile vyombo vya zamani vya pwani hii, haikuwa na msumari hata mmoja, mbao zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na kila mshono una tundu na kila tundu likishapita kamba linazibwa ili maji yasiingie. Sasa fikiria matundu mangapi hayo kwa chombo kizima cha kubebea mizigo, na yote kwa mkono. Mie mikono inaniuma kwa kufikiria tu, kwa hiyo wanaosema mafundi wa leo wavivu kwa kutumia drili wajaribu wao asubuhi moja tu tuwaone.

Lakini umeme nao tunaujua. Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa kiza, kila kazi ikawa ya petroli, na petroli ni pesa. Mwenye keke hilo halimuhusu.

Kama kwenu kuna sanduku la zana la marehemu babu hebu lifungue, ukikuta kijiti kina chuma bapa mbele usikitie jikoni. Jivu likiwa halijapasuka inafanya kazi bado, tia tone la mafuta ya nazi ndani ya jivu lisiungue, na kamba usitie ya nailoni inateleza, tafuta ya pamba au ukanda wa ngozi. Na uta usiukaze sana, kamba ikikazwa sana msukano haugeuki kabisa.