Kifusi cha Nyumba Kinaanzia Stoo

Mimi ni mtunza stoo kwenye saiti za ujenzi hapa Tanga, hasa nyumba za kuishi: Kange, Mikanjuni, mara mojamoja Raskazone kwa wenye nazo. Mafundi wananiita Mama Stoo, na si kwa mapenzi kila mara. Funguo ninazo mimi, daftari ninalo mimi, na mfuko wa saruji hautoki bila jina la aliyeuchukua.

Watu wakizungumzia taka za ujenzi huwa wanaangalia lile rundo linalobaki mbele ya nyumba mafundi wakishaondoka. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini kifusi kikishamwagwa barabarani hakina safari. Mimi naona kuhangaika na rundo ni kuchelewa. Vyote vilivyomo vilikuwa mali iliyonunuliwa kwa risiti, vikageuka taka mahali fulani kati ya mlango wa stoo na ukuta.

Chukua nondo. Inakuja na urefu wa mita 12. Nyumba ina nguzo 8, kila nguzo inataka nondo 4 za mita 3.5. Fundi anatoa vipande vitatu kwa kila nondo, kinabaki cha mita moja na nusu. Mpaka amalize nguzo zote ameshakata nondo 11, na mabaki ukiyaunganisha ni mita 20. Kwa nondo ya milimita 12 hizo ni karibu kilo 18 za chuma kipya, kinachomsubiri mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake. Wakati huohuo mfuniko wa shimo la choo unataka nondo fupifupi, na mara nyingi mita moja na nusu ndiyo saizi yake hasa. Tatizo shimo linachimbwa mwisho, kwa hiyo nondo zake nazo zinanunuliwa mwisho, nzimanzima. Siku hizi sitoi nondo ya kwanza ya nguzo kabla sijaona vipimo vya shimo. Fundi mmoja aliniuliza kama nimekuja kujenga nyumba au choo.

Saruji ndiyo inayoniuma zaidi. Asubuhi saidia fundi wanapenda kukoroga rundo la kutwa nzima, wamalizane na beleshi kabla jua halijawa kali. Ikifika saa sita rundo limeanza kukakamaa, wanalimwagia maji, wanasema limerudi. Halijarudi. Mchanganyiko ukishaanza kushika, maji ya pili yanaulainisha tu, nguvu imekwenda. Basi natoa mfuko mmoja, ukiisha njoo na jina lako uchukue mwingine. Wananuna. Na chini ya ukuta unaojengwa nataka sandarusi litandikwe, kwa sababu kila tofali ikikandamizwa inaangusha kidogo pembeni. Kikidondokea kwenye sandarusi kinarudi kwenye karai kikiwa kibichi. Kikidondokea mchangani ndiyo basi.

Sisi tunaishi na saruji jirani, kiwanda kiko Pongwe, wengi tuna ndugu aliyewahi kufanya kazi huko. Kinachochomwa kwenye tanuri la saruji ni jiwe la chokaa, kwa joto la karibu nyuzi 1,450. Tani moja ya klinka, yaani vile vigololi vinavyotoka tanurini kabla ya kusagwa kuwa saruji, inatoa hewa ya ukaa kilo 800 na ushei, na zaidi ya nusu ya hewa hiyo inatoka ndani ya jiwe lenyewe, si kwenye moto. Maana yake hata ukitafuta moto safi kiasi gani, karai lililogandia ukalitupa limeshachafua hewa bure.

Kifusi chenyewe hapa hakikosi mtu. Tofali zilizovunjika zinaondoka na guta siku ileile kwenda kujazia chini ya sakafu ya nyumba ya mwingine, vipande vya vigae vinaishia kwenye vibaraza. Sharti ni kiwe safi. Kikishachanganyika na jipsamu, makopo ya rangi na sandarusi, hakuna anayekitaka, na hicho ndicho kinachopelekwa usiku kwenye mikoko. Mizizi ya mkoko inayochomoza juu ya matope ndiyo inayovuta hewa. Ifukie kifusi, mti unakufa umesimama. Kitu kimoja tu sitaki kigawiwe kwa mtu yeyote, hata akiomba kwa machozi: paa la zamani la asbesto. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu. Hailoweshwi kwa mbwembwe: lowesha kweli, usivunje, funga, na uwaulize halmashauri mahali pa kuipeleka.

Sasa pesa. Fundi analipwa kwa tofali alizojenga, hakuna anayemlipa kwa saruji aliyookoa. Niliwahi kusikia bosi mwenye huruma akiwaachia mafundi pesa ya chuma chakavu kama asante. Vipande vilizidi kuwa vingi, bila shaka! Mimi nataka kinyume chake, yaani wafaidike na kilichobaki kizima. Nilipomwambia fundi mkuu, akacheka. “Mama Stoo, mwenye nyumba akibakiwa na mifuko, siku ya kunilipa atasema nimepunguza saruji ukutani.”

Ana haki kabisa. Kwa hiyo siku ya kwanza, mwenye nyumba akiwepo, tunaandika karai ngapi za mchanga kwa mfuko mmoja, na wote watatu tunatia sahihi. Saiti ya Mikanjuni mwenye nyumba amekubali kwamba mifuko ikirudishwa dukani, nusu ya pesa iende kwa mafundi. Kilichobaki ni duka. Wanasita kuipokea, wanasema saruji ikikaa saiti inavuta unyevu. Nimewaambia waje wenyewe waone nilivyoipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, wabonyeze mfuko wanaoutaka.