Bibi na steringi wa Kichina

Jumapili usiku, Moshi.

Nimerudi kutoka Kibosho nimelowa, na vidole bado vina utomvu wa ndizi. Nimesugua kwa mafuta, wapi.

Wiki ya tatu hii nimezama kwenye hadithi moja ya Kichina ya kwenye simu: yatima aliyefukuzwa na ukoo wake, anajifunza nguvu za ajabu mlimani, kisha anarudi kulipiza. Nimeshapita sura ya 900. Naisoma kwa Kiingereza cha mashine, yaani hakuna binadamu aliyeipitia. Sura hii steringi anaitwa Lin, sura ijayo anaitwa Msitu, kwa sababu lin kwa Kichina ni msitu. Hilo nimeshalizoea, hata nacheka.

Aliyenishinda ni dada wa kazi wa kwao. Nilimchukia kweli. Anamimina chai kwa upole, mistari miwili mbele anaiba barua ya bosi wake na kuichoma, halafu analia. Na humo humo mara ni mwanamke, mara ni mwanaume. Nikasema mwandishi huyu hajui kuumba mtu, anaokoteza tu.

Leo tunaandaa mtori, bibi anamenya, mimi nakatakata, nikaanza kumsimulia. "Akaingia, akamimina chai, akachukua barua, akaichoma."

Bibi akasimamisha kisu. "Nani aliyechoma? Huyo binti au yule kaka mtu aliyekaa pale?"

Sikuwa na jibu. Kiswahili changu kilisema "a" tu, na "a" haisemi ni mume wala mke, kwa hiyo msikilizaji makini lazima aulize. Nikafuta mkono kwenye kanga, nikafungua simu (doa la utomvu liko kwenye kioo mpaka sasa), nikarudi sura kama kumi nyuma. Kumbe mchomaji ni kaka. Kichina mara nyingi humwacha mtenda bila kumtaja, msomaji anamjua kwa mtiririko. Kiingereza kinadai atajwe, tena kwa jinsia yake, basi mashine ikabahatisha na kumtwisha yule binti dhambi za watu. Alilia kwa sababu aliona. Wiki nzima nimemtukana bure.

Simsafishi mwandishi kwa kila kitu. Pambano moja linakula sura sita, linavutwa kama jojo. Waandishi wengi wa hadithi hizi hulipwa kwa wingi wa maneno, na inaonekana.

Kuna tusi linalorudiwa kila adui anapochapwa, kwamba ana macho ila hakuutambua Mlima Tai wa huko China, yaani hakujua yuko mbele ya mkubwa. Bibi akataka kujua huo mlima una urefu gani. Nikatafuta: mita 1,545. Alicheka hadi ndizi ikamponyoka, maana hata geti la Marangu liko juu kuliko hapo. Nilipomwambia wafalme wa China walikuwa wanakwenda huko kutoa sadaka, akanyamaza kidogo. "Basi ni Kibo yao," akasema, akaendelea kumenya.

Steringi mwenyewe hakumpenda hata chembe. Nilifika pale anapoangamiza ukoo mzima, watoto kwa wazee, kwa sababu kijana wao mmoja alimkejeli hotelini. Mimi nilipoisoma sehemu ile niliisoma kwa raha, nakiri. Bibi akauliza, "Huyo hana mjomba wa kumkalisha chini?"

Hana, bibi. Hana mjomba, hana shangazi, hana hata jirani wa kumwambia punguza. Tangu aliposema hivyo simwoni tena yule kijana kama nilivyokuwa namwona, na bado kuna sura 600 mbele.

Wakati naondoka nikamuaga, "Baki salama, bibi." Akanishika mkono mlangoni, mvua inapiga bati, nikadhani anataka niwachukulie watoto parachichi. "Jumapili uje na habari ya yule binti," akasema. "Wamemlipa mshahara wake?"