Pambizo za Negativu: Kutafuta Ubovu wa Kamera za Mtumba

Jioni hii nimetundika mkanda wa filamu wa aina ya 120 ukauke, na kabla ya kutazama picha zenyewe nimetazama pambizo zake, yaani ule ukingo mwembamba wa filamu unaobaki nje ya fremu. Huko ndiko ninakoanzia siku hizi kila ninapotaka kujua kamera ya mtumba inaumwa wapi. Ndani ya picha, wingu au kivuli cha mbuyu kinaweza kufunika kasoro, lakini pambizo zinatakiwa ziwe angavu kabisa, isipokuwa namba na jina la filamu vilivyochapwa kiwandani. Kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa, mwanga huacha weusi, kwa hiyo weusi mwingine wowote unaoonekana pale ni mwanga ulioingia kwa njia isiyokuwa ya lenzi, na njia hiyo inaweza kutafutwa mpaka ikapatikana.

Ninatumia kamera mbili, na zote zilipita mikononi mwa wengi kabla ya kufika Dodoma. Moja ni ya Kijapani, inayotoa fremu 10 za sentimita 6 kwa 7 katika mkanda mmoja. Nyingine ni ya mbao yenye mvukuto, yaani mfuko wa ngozi wenye mikunjo kati ya lenzi na filamu, inayopokea filamu za karatasi moja moja za inchi 4 kwa 5. Mkanda wa 120 umekuwepo tangu mwaka 1901, Kodak ilipoutoa, na ubunifu wake haujabadilika sana: filamu haina matundu ya kuvutia pembeni, bali imelala juu ya karatasi ndefu inayoikinga na mwanga kabla na baada ya kupigwa. Kinga hiyo inategemea karatasi kuviringika kwa kubana. Mkanda ukilegea kwenye kijiti chake, mwanga hupenya kutoka kandoni na kuunguza kingo zote mbili, na kwa jua letu la kiangazi, jiji likiwa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na anga likikaa miezi bila wingu la maana, kubadilisha mkanda nje ya kivuli ni kutafuta hasara.

Mkanda wa leo una alama tofauti na hiyo. Kuna mistari meusi inayoanzia upande mmoja tu, inavuka pambizo, inaingia katika fremu na kupita hata katika nafasi iliyo kati ya fremu na fremu. Mwanga uliopitia kwenye lenzi, au kwenye tundu lililo mbele ya dirisha la fremu, usingeweza kufika katika nafasi hiyo, kwa hiyo lenzi na sehemu ya mbele ya kamera nimeziondoa katika orodha ya washukiwa. Kinachobaki ni mgongo wa kamera, na hasa mlango wake upande wa bawaba. Nilipoufungua nilikuta sponji za kuzuia mwanga zimegeuka kuwa ute mweusi unaonata. Umri ndio ulioziharibu, na yeyote anayenunua kamera ya miaka ya 1970 au 1980 ni vizuri azihesabu kuwa zimekufa hata kama muuzaji anasema kamera inafanya kazi. Nimezikwangua kwa kijiti cha mwanzi na spiriti kidogo, mgongo ukiwa umegeuzwa ili uchafu usiangukie ndani, kisha katika mfereji nimelaza uzi mweusi wa sufu, wa aina wanayofumia masweta, uliopatikana kwa urahisi sokoni Majengo. Uzi huo hauozi kama sponji, na mlango ukifungwa unabana vizuri.

Kwa kamera ya mbao usomaji ni huohuo, ila alama zake ni bora zaidi, na hapa ndipo ninapoipenda filamu kubwa kwa moyo wote. Filamu ya 4 kwa 5 hukaa ndani ya kibebeo bapa, kingo zake zikiwa zimefunikwa na reli nyembamba. Ukikuta weusi katikati ya picha huku ukingo uliokuwa chini ya reli umebaki mweupe, mwanga uliingia wakati filamu ikiwa ndani ya kamera, na mara nyingi chanzo ni kitundu kwenye mvukuto. Weusi ukipita mpaka chini ya reli, kamera haina kosa. Chunguza kibebeo chenyewe, au mahali ulipopakilia filamu, au sanduku lililofunguliwa kwenye giza lisilotosha.

Vitundu vya mvukuto hupenda pembe za mikunjo, mahali ambapo ngozi hukunjwa na kukunjuliwa kwa miaka. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, mvukuto ukinyooshwa na tochi ikiingizwa ndani, vinaonekana waziwazi. Nimeviziba kwa vipande vidogo vya ngozi laini nyeusi na gundi ya mpira. Kiraka kikiwa kinene mvukuto hukataa kufunga, kwa hiyo ni heri viraka vingi vyembamba kuliko kimoja kizito.

Filamu za 4 kwa 5 ni ghali na haifai kuziteketeza kwa majaribio, hivyo ninajaribu kwa karatasi ya kuchapia picha nyeusi na nyeupe. Karatasi hii hukatwa chini ya taa nyekundu, jambo lisilowezekana kwa filamu ya kawaida, na huwekwa katika kibebeo kama filamu. Kisha kamera huwekwa juani, shata, yaani kilango cha lenzi kinachofunguka kupitisha mwanga, ikiwa imefungwa na kile kibao cheusi cha kuzuia mwanga kikiwa kimechomolewa. Ninaigeuza kamera taratibu ili kila upande upigwe na jua. Kwa kuwa karatasi ni nzito kuhisi mwanga, ninaiacha kwa muda mrefu kuliko ambavyo picha yoyote ingehitaji. Ikitoka nyeupe tupu baada ya kusafishwa, mvukuto umepona.

Vumbi nalo lina lugha yake, na katika mji wenye upepo na udongo mwekundu kama huu ni lazima kuielewa. Chembe iliyotua juu ya filamu kabla ya kupiga picha huzuia mwanga, ikaacha doa angavu kwenye negativu na doa jeusi kwenye picha iliyochapwa. Chembe iliyotua juu ya negativu wakati wa kuchapa huacha doa jeupe. Doa jeupe linanituma kuisafisha negativu. Doa jeusi linanituma kwenye vibebeo na mvukuto. Katika hewa kavu ya Agosti, kuchomoa kibao kwa haraka huzalisha umeme tuli unaovuta vumbi kwenye filamu, kwa hiyo ninakichomoa polepole, na vibebeo vyangu vinalala ndani ya mifuko ya plastiki inayofungwa.

Kuhusu shata, nilikwenda kwa mzee mmoja fundi saa, kwa kuwa shata ya lenzi kubwa ina magurudumu ya kuchelewesha yanayofanana sana na ya saa. Spidi za haraka zilikuwa zikifanya kazi, ila sekunde 1 ilikwama katikati. Baada ya shikamoo na marahaba aliisikiliza sikioni bila kuifungua, kisha akasema, “Mwanangu, usiongeze mafuta mahali ambapo mafuta ndiyo yaliyokwamisha.” Aliyasafisha magurudumu, akaacha mabapa ya shata makavu kabisa, na sekunde 1 ikarudi. Mimi nimeipima kwa simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde. Shata ya 1/30 inatakiwa ionekane wazi katika picha 8, nami nikiona 12 najua kwamba kwa kweli ni 1/20, nikaandika hivyo kwenye kadi inayokaa na lenzi. Spidi za 1/250 na kuendelea ni za haraka mno kwa njia hii.

Si kila kigugumizi ni ubovu. Lenzi za Mamiya RB67, kamera ya Kijapani ya 6 kwa 7, kwa mfano, zina swichi ya kuinua kwanza kioo cha kutazamia. Ikiachwa upande huo, kitufe cha kamera huinua kioo tu na shata husubiri waya wa kufyatulia. Mtu anaweza kuipeleka kamera nzima kwa fundi kwa sababu hiyo.

Usafishaji wa filamu nauzungumzia kwa ufupi, kwani tatizo letu hapa ni joto la maji tu. Filamu ya HP5 Plus katika dawa ya ID-11 isiyozimuliwa huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya Novemba huwa na joto zaidi, muda unapungua, na ukishuka chini ya dakika 5 picha inaweza kusafika kwa mabaka. Naizimua dawa kwa maji kiasi sawa, muda unakuwa dakika 13 kwa nyuzi zilezile, na hapo nina nafasi ya kupunguza.

Kazi iliyobaki wiki hii ni ya vibebeo. Kwa tupa ndogo ninachonga pengo kwenye kilango cha chini cha kila kimoja, kimoja pengo moja, kingine mawili, na kadhalika, ili umbo la pengo lichapwe kwenye ukingo wa kila negativu na kuniambia ilitoka kibebeo gani. Chenye mapengo matatu tayari kimejitaja, kwa weusi unaopita chini ya reli upande wa kuchomolea kibao, palipochakaa kitambaa cha kuzuia mwanga. Nimekitenga mpaka nipate mahameli nyeusi ya kubadilishia.