Mkebe wa Mawe Katikati ya Gunia

Asubuhi ya Jumamosi moja ya Aprili 2008, mama alinikabidhi gunia tupu la kilo 90 pamoja na mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa kitako, akaniambia nimfuate. Nilikuwa na umri wa miaka 14. Tulikuwa tukiishi Laini Saba, Kibera, na alikokuwa akielekea ni Makina, ng'ambo ya reli, mahali ambapo zamani nilitumwa hata mara mbili kwa siku. Lakini tangu mwisho wa Desemba hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekuwa amekanyaga huko.

Mkenya yeyote aliyekuwa na akili zake mwaka ule anaikumbuka sababu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 kila mtaa ulijifungia, majirani wakaanza kuulizana makabila, reli ya kwenda Uganda inayopita katikati ya Kibera ikang'olewa, na soko la Toi likateketezwa kwa moto. Kibanda cha mama kilikuwa katika soko hilo. Alikuwa mama mboga kwa miaka mingi, akidamkia soko la jumla la Marikiti kabla ya alfajiri ili awahi malori ya kutoka Kinangop na Limuru, na wiki zile ambazo barabara ya Nakuru haikupitika tulielewa kwa mara ya kwanza jinsi sufuria yetu ilivyofungwa kwa kamba ndefu na mashamba ambayo hatukuwahi kuyaona. Sukuma wiki ya shilingi tano iliyotutosha sote mwezi wa Novemba iligeuka kuwa ya ishirini mwezi wa Januari, na bado haikutosha. Mapatano ya kumaliza vurugu hizo yalitiwa saini tarehe 28 Februari. Barabara zilifunguka, mboga zikarudi, ila mtaji wa mama ulikuwa umeungua pamoja na mbao za kibanda.

Tulikuwa tukienda kwa mteja wake wa zamani, ajuza wa Kinubi ambaye sote tulimwita Bibi. Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mwanzoni mwa karne iliyopita ndio waliopewa kukaa katika ardhi hii ilipokuwa bado msitu. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi maana yake ni msitu. Bibi alizaliwa humo, akakua akiona mashamba ya mahindi mahali ambapo leo mabati yamebanana hadi mtu anapita kwa ubavu. Ua wake ulikuwa bado na nafasi, na nafasi hiyo alikuwa ameijaza magunia yaliyosimama kama watu, yamevaa majani ya sukuma kuanzia kiunoni hadi kichwani.

Mama alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikiwa, kisha akaeleza shida yake kwa ufupi: alitaka miche, samadi kidogo, na maelekezo. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema miche ipo kwenye kitalu, samadi ya mbuzi ipo, lakini kupanda gunia hakufundishwi kwa mdomo. Akaingia ndani, akatoka na mtandio wake, akamwita mjukuu alete mkokoteni.

Hivyo ndivyo tulivyoivuka reli siku ile, watu wanne na mkokoteni wa udongo, mchana kweupe, na Bibi ametangulia. Watu walisimama milangoni wakitazama. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuisahau, na nilishika miche iliyofungwa katika gazeti bichi kwa nguvu kiasi kwamba mama alilazimika kuniambia nilegeze vidole nisiiponde. Hakuna aliyetusemesha neno.

Kwenye ploti yetu Bibi aliketi juu ya ndoo na kutoa amri. Udongo wa kandokando ya mtaro aliukataa kabisa, kwa sababu alijua kilichokuwa kikitupwa humo usiku. Ndiyo maana alikuja na wa kwake. Tulichanganya sehemu mbili za udongo na moja ya samadi. Mkebe uliwekwa katikati ya gunia, tukaujaza mawe madogo, tukazungushia udongo kwa nje, kisha tukauvuta mkebe juu polepole na kuyaacha mawe mahali pake. Tukajaza tena, tukavuta tena, hadi gunia lilipojaa na nguzo ya mawe ikawa imesimama ndani yake kuanzia chini hadi juu. Maji yakimiminwa juu, Bibi alieleza, hushuka kwa njia ya mawe na kuifikia miche yote; pasipo mawe, mche wa juu huzama na wa chini hukauka. Baada ya hapo alitoboa matundu ubavuni kwa kisu kidogo, akiyapishanisha, akanionyesha namna ya kusukuma mzizi ndani kwa kidole huku umenyooka.

"Ukiukunja, mjukuu wangu, mche utakaa mwezi mzima unakutazama tu."

Tulipanda miche 36. Kabla jua halijatua, akina mama watatu wa ploti yetu walikuwa wamekwisha kuuliza magunia yanapatikana wapi, na mmoja wao, ambaye tangu Januari alikuwa hazungumzi na mama, alileta maji ya kuoshea mchele yasiyo na sabuni, akayamimina juu ya mawe mwenyewe. Kufikia Juni ploti ilikuwa na magunia 17. Watu wanaosimulia habari za magunia ya Kibera hupenda kuhesabu majani yanayotoka. Mimi naona kazi kubwa ilifanywa na kitalu, kwa kuwa mtu anaweza kumwagilia gunia lake peke yake, lakini miche na samadi vilitulazimu kwenda na kurudi Makina kila wiki, na safari hizo hazikuhitaji tena mtu wa kututangulia.

Mwishoni mwa Mei tulichuma kwa mara ya kwanza, yale majani ya chini tu, kama tulivyoelekezwa. Mama alifunga fungu la kwanza kwa uzi wa katani akanituma nimpelekee Bibi, safari hii peke yangu. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akageuza jani moja juu chini, akalileta karibu na macho, akapitisha kidole gumba kwenye mshipa wake wa katikati. Akaona vidukari wawili. Akanifungia majivu ya jikoni ndani ya karatasi, akaniagiza niyanyunyize asubuhi kungali na umande.