Nilivyowafundisha vijana Git kwa kamba na vibanio vya nguo, bila bando

Git ni programu ya kutunza historia ya mafaili yako. Ushauri niliopewa wa kuifundisha ulikuwa eti anza kwa kuwafungulia wanafunzi akaunti za GitHub, tovuti ya kuweka miradi ya Git mtandaoni, wajue kupush na kupull (kupeleka kazi na kuivuta), mengine watajua huko mbele. Aliyenishauri yuko Dar, waifai inamfuata mpaka chooni. Mimi nipo Kigoma, Mwanga, na vijana wangu laptopu zingine betri lishakufa, umeme ukikatika na somo limekatika, bando wananunua la buku buku. Sasa mtu achome bando kwa kitu ambacho hata hakitaki intaneti? Jamani Git haihitaji intaneti. Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux (mfumo endeshi wa kompyuta), na kila mwenye mradi ana historia yote kwenye mashine yake, mtandao unauhitaji pale tu unapotaka kupeana kazi na mtu wa mbali.

Basi nikaachana nae. Kuinstoo sielezi, hilo linajulikana. Tukafungua faili moja tu, bei.txt, bei za sokoni: dagaa, migebuka, kuhe, mawese. Usianze na programu ya kweli, mtu atahangaika na programu asiione Git.

Halafu nikafunga kamba kutoka nondo za dirisha mpaka mlangoni, nikakata boksi vipande vipande. Kila komiti, yaani kila ukihifadhi hali ya kazi kwenye historia, kipande kimoja: andika bei zote zilivyo saa hiyo, jina lako, ujumbe, na namba ya kipande kilichotangulia, yaani mzazi. Hapo kwenye "zote" nilisisitiza mpaka koo likakauka, maana wengi wanaambiwa komiti ni yale mabadiliko tu, kumbe Git inaweka mradi mzima ulivyokuwa, mabadiliko inayapiga hesabu ukiyaomba. Namba kwenye mashine ina herufi na tarakimu 40, sisi tukajiandikia nne yaishe.

Nikamwita dada mmoja mbishi kweli kweli, nikamwambia shika kipande cha kwanza kabisa, nisomee kinachofuata ni kipi. Akageuza, akageuza tena, akaangalia hadi pembeni. "Kaka, mbona hapajaandikwa?" Eeeh! Hapo ndo nilipokuwa napataka. Mtoto anamjua mzazi, mzazi hamjui mtoto. Ndio maana git log, amri ya kuonyesha historia, inaanza na komiti ya mwisho inarudi nyuma. Na ile namba inatokana na kila kilichoandikwa pale, namba ya mzazi ikiwemo, kwa hiyo ukigusa ujumbe wa komiti ya zamani unapata komiti nyingine yenye namba nyingine, na zote zilizofuata inabidi ziandikwe upya. Yule dada ndo akawa anawaelezea wenzie kwa nini usibadilishe historia uliyokwisha wapa watu, mimi nimekaa nakunywa chai.

Branchi, yaani tawi la kazi, ikawa kibanio cha nguo. Kibanio kimoja kimeandikwa main, kingine jumamosi, vyote vimebana kipande kilekile. Ukikomiti, kibanio chako kinahamia kipande kipya, cha mwenzio kinabaki. Wakabisha kwamba branchi haiwezi kuwa kitu kidogo hivyo, nikawafungulia .git/refs/heads/main kwa Notepad: namba moja tu, basi. (Vibanio nilivichomoa kwenye kamba ya mama mwenye nyumba, nikanunua vingine, elfu mbili na kitu.)

Kumerji, yaani kuunganisha branchi mbili, baada ya hapo ilikuwa mteremko. Kama main haijasogea, hakuna kipande kipya, unahamisha kibanio tu. Kama pande zote zimesogea, unaandika kipande kipya chenye wazazi wawili. Git inarudi nyuma mpaka kipande cha mwisho kilicho cha branchi zote mbili, inalinganisha vitatu: pale mlipoachana, wewe ulipofika, mwenzio alipofika. Mstari aliougusa mmoja tu, wake unapita. Mkiugusa wote tofauti, mgongano.

Mgongano usisubiri uje, utengeneze mwenyewe. Nikawaambia wawili wabadilishe bei ya dagaa. Zilipotokea zile <<<<<<< na ======= mmoja akataka kuzima mashine. Tulia baba. Juu ni ya branchi uliyopo, chini ni ya inayoingia, futa alama, andika mnachokubaliana, git add, git commit. Ukizidiwa, git merge --abort, unarudi ulipokuwa. Ila angalia, hata mistari iliyopakana inagongana, mmoja kagusa dagaa mwingine migebuka chini yake, wanakuja juu eti mwalimu ulisema haigombani. Acha mistari kadhaa katikati.

Kupeana kazi tulitumia flashi, git init --bare humo ndani (stoo tupu ya kupokelea komiti), kila mtu anakloni, yaani ananakili mradi, na kupush kwenye flashi. Wa pili kupush anakataliwa mpaka apull kwanza, somo hilohilo bila hata MB moja.

Sasa kilichonifurahisha kuliko vyote. Kijana mmoja akabadilisha kichwa cha faili kutoka "bei kwa kilo" ikawa "bei kwa kisado", na namba zake akazirekebisha. Mwenzie kwenye branchi yake akaongeza bidhaa mpya chini kabisa, baada ya mistari mitupu iliyokuwepo tangu mwanzo, kwa kilo. Wakamerji, Git kimya, hakuna mgongano, wakapeana tano. Nikawaambia haya someni sasa. Bidhaa ya mwisho ni ya kilo chini ya kichwa cha kisado! Git inalinganisha mistari, haijui kisado ni nini. Tukasahihisha kwa komiti mpya, ile yenye kasoro tukaiacha palepale na majina yao wote wawili, na mpaka leo mmoja wao nikifungua git log --graph anaomba nisiteremke chini sana.