Mama aliyejiita yaya

Jumanne, usiku wa manane

Mtoto alilala saa nne, nami sikuthubutu kuwasha kitu chenye kelele. Nikafungua filamu bubu kwenye simu: The Toll of the Sea, ya mwaka 1922. Haifiki hata saa nzima. Nilidhani nitaitazama huku nikikunja nepi. Nepi mpaka sasa ziko kwenye beseni.

Lotus Flower, binti wa Kichina, anamwona Mmarekani amezimia majini, anaita watu, wanamwokoa. Wanapendana, wanaoana kwa desturi za Kichina. Kisha rafiki za yule mwanamume wanamkanya: utarudi kwetu na huyu? Akaondoka peke yake, nyuma akaacha mimba. Sisi tuliokulia karibu na bandari hatuhitaji kusimuliwa zaidi. Ila huyu mwenzetu anajiandikia barua mwenyewe, anawaonesha wale wanaomsengenya, eti mume kaandika. Hapo nililiweka beseni chini.

Anayeigiza ni Anna May Wong, miaka 17, mzaliwa wa Los Angeles, binti wa dobi. Marekani ndiko kwao, lakini maandishi ya filamu yanamwekea Kiingereza cha kubabaisha. Uso wake ndio unaokataa kubabaisha. Kamera inamsogelea, machozi yanajaa taratibu, na husikii hata kwikwi. Rangi zenyewe ni za mbinu ya awali, nyekundu na kijani tu, kwa hiyo hata bahari si bahari unayoijua.

Mume anarudi na mke wa Kizungu. Na huyo mke ni mwema! Laiti angekuwa mkorofi, tungepata wa kumlaumu. Lotus Flower anamkabidhi mwanawe, anamwambia mtoto kwamba yule bibi ndiye mama yake, yeye ni yaya tu. (Mtoto huyo wa kiume wa mama Mchina ameigizwa na kitoto cha kike cha Kizungu. Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka.)

Filamu inamhurumia sana, na huruma hiyo ndiyo iliyoniudhi. Inamsifu kwa kujiondoa, kana kwamba kujiondoa ni tabia yake na si amri ya watu. California ya wakati ule ilipiga marufuku ndoa ya Mzungu na Mchina, na marufuku hiyo haikuvunjwa mahakamani hadi 1948. Vibarua wa Kichina walikuwa wamefungiwa mlango wa Marekani tangu 1882. Hakuna linalotajwa. Yanatajwa mapenzi, na bahari.

Naye Wong mwenyewe? Mwaka 1937 ilipotengenezwa The Good Earth, filamu kubwa kuhusu wakulima wa Kichina, nafasi ya mke hakupewa yeye, alipewa Luise Rainer, Mzungu, aliyepata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo.

Sehemu ya mwisho ya filamu yangu ya leo ilipotea. Mwaka 1985 waliokuwa wakiikarabati walichukua kamera ya zamani ya aina ileile, wakaenda ufukweni, wakapiga picha ya maji. Kwa hiyo Lotus Flower anapokufa majini, yeye mwenyewe hayupo. Ni mawimbi tu.

Mtoto aliamka saa saba akilia. Nikamnyonyesha gizani, nikamwita majina yake yote, nikamwambia mimi ni nani, ingawa hakuuliza.